Mto Mmoja, Wenyewe Wengi: Baraza la Maji la Bonde la Yakima

Kila mkulima anyweshaye shamba lake kwa maji ya mto ajua taabu ya kiangazi. Maji hupungua. Aliye juu huziba mto na kuyageuza yote yaingie mferejini kwake, na aliye chini huona mboga zake zikinyauka. Kisha huja maneno makali, na mwisho watu hupelekana kortini. Kesi ikimalizika mvua imekwisha kunyesha zamani, lakini uadui umebaki.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Mwezi huu twawaeleza habari za mto Yakima, ulioko katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Watu wa bonde lile waligombania maji kwa miaka mingi. Halafu mwaka wa 2009 walikaa baraza moja, na baraza hilo bado lakutana. Hakuna sheria iliyowalazimisha kukaa. Yafaa tujue jinsi wanavyoliendesha.

WENYE MTO NI AKINA NANI?

Mto Yakima watoka katika milima ya Cascade, wapita kadiri ya kilometa 344, kisha waingia katika mto mkubwa wa Columbia. Milimani theluji ni nyingi, lakini bondeni ni pakavu. Mji wa Yakima hupata kadiri ya milimita 200 za mvua kwa mwaka, karibu sawa na Lodwar. Hata hivyo bonde hilo ni maarufu kwa matofaa, zabibu, majani ya ng'ombe, na hopsi, yaani maua yanayotiwa katika bia. Yote hayo hustawi kwa maji ya mifereji. Serikali Kuu ya Marekani ilijenga mabwawa makubwa matano kati ya mwaka wa 1910 na 1933, na mifereji yake hunywesha kadiri ya ekari 464,000.

Wenyeji wa kwanza wa bonde hilo ni watu wa Taifa la Yakama. Mwaka wa 1855 walifanya mkataba na Serikali ya Marekani. Waliiachia Serikali zaidi ya ekari milioni 10, lakini walijiwekea eneo lao wenyewe, na pia haki ya kuvua samaki mahali walipozoea kuvua tangu zamani. Samaki wao mkubwa ni samoni. Huyu huzaliwa mtoni, huenda kukua baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Mabwawa yalipojengwa pasipo njia ya samaki kupita, samoni wa namna ya sokai hakuweza tena kufika katika maziwa alikozaliana, akatoweka katika bonde lote.

Tena wakulima wenyewe hawakuwa sawa. Kwa hukumu ya mwaka wa 1945, wenye haki za maji za kabla ya Mei 1905 hupewa maji yao yote kwanza. Wenye haki za baadaye hugawana yanayobaki, na yakipungua hupunguziwa wote kwa kiasi kimoja. Katika ukame wa mwaka wa 2001 hao wa baadaye walipata asilimia 37 tu ya haki yao, na mwaka wa 2005 asilimia 42. Mtu aliyepanda mboga aweza kuacha msimu mmoja upite. Lakini mtofaa ukikauka, mkulima amepoteza kazi ya miaka mingi.

MIAKA ARUBAINI YA KORTI

Mwaka wa 1977 jimbo la Washington lilifungua kesi ili kila haki ya maji katika bonde ipimwe na kuandikwa. Hukumu ya mwisho ilitolewa mwaka wa 2019, baada ya zaidi ya miaka 40. Katikati ya hayo, mwaka wa 1980, jaji wa Serikali Kuu aliamuru maji yafunguliwe mabwawani ili mayai ya samoni yasikauke. Wakulima waliona maji waliyoyategemea yakienda zao.

Korti yaweza kusema maji ni ya nani. Haiwezi kuyaongeza, wala haiwezi kumrudisha samaki ziwani. Wakulima walitaka bwawa jipya kubwa mahali paitwapo Black Rock, lakini uchunguzi ulipomalizika mwaka wa 2008 ilionekana ya kuwa gharama yake ingezidi faida kwa mbali sana, na shauri hilo likaachwa. Hapo kila upande ulikwisha kuona ya kwamba peke yake haufiki mahali.

BARAZA LAENDESHWAJE?

Mwaka wa 2009 idara ya Serikali Kuu inayosimamia mabwawa na idara ya mazingira ya jimbo, pamoja na Taifa la Yakama, waliita baraza. Waliokaa ni wajumbe wa serikali hizo tatu, wilaya, miji, halmashauri za mifereji ya wakulima, na vyama vya kuhifadhi mito na misitu. Uendeshaji wake una mambo matano ya kuangaliwa.

Kwanza, hakuna aliyeacha mamlaka yake. Baraza halitoi kibali, halifungui bwawa, wala halibadilishi haki ya maji ya mtu. Idara zabaki idara, na Taifa la Yakama labaki na mkataba wake wa 1855. Mtu haogopi kuketi mezani akijua hataondoka akiwa amenyang'anywa alichokuja nacho.

Pili, mambo huamuliwa kwa mapatano. Kama ingekuwa ni kupiga kura tu, wakulima wangeweza kuwashinda wavuvi, au serikali mbili kuishinda ya tatu, na aliyeshindwa angerudi kortini kesho yake. Kutafuta mapatano huchukua muda, lakini uamuzi uliokubaliwa na wote ni mgumu kuvunjwa.

Tatu, mpango wao ni mmoja, nao una sehemu saba: njia za samaki, kurekebisha mifereji na mitambo, kuongeza akiba mabwawani, kuweka akiba ardhini, kuhifadhi vijito na misitu, kupunguza maji yanayopotea, na kuuziana au kukodishana maji. Sehemu hizi zatakiwa kwenda pamoja. Mkulima anayetaka akiba zaidi husaidia kudai njia ya samaki, na mvuvi anayetaka njia ya samaki husaidia kudai akiba.

Nne, mikutano hufanywa kwa zamu zinazojulikana, na mwananchi yeyote aweza kuhudhuria. Kazi ya kuchimbua mambo hufanywa na kamati ndogo, kisha huletwa mbele ya wote. Mradi ukichelewa, watu husikia sababu yake mkutanoni, si gulioni.

Tano, fedha hutoka katika mifuko mingi. Jimbo lilipopitisha sheria ya mpango huu mwaka wa 2013, liliagiza ya kuwa angalau nusu ya gharama yote itoke nje ya hazina ya jimbo. Bunge la Marekani nalo lilikubali sehemu ya kwanza ya mpango kwa sheria ya mwaka wa 2019.

MATUNDA YALIYOONEKANA

Mwaka wa 2013 jimbo lilinunua ekari 50,241 za msitu katika bonde la Teanaway, ambako hutoka maji ya mto, ili zisigawanywe kuwa viwanja. Taifa la Yakama lilianza kurudisha samoni wa sokai katika ziwa Cle Elum mwaka wa 2009, na mwaka wa 2013 watoto wao waliokwenda baharini walianza kurudi mtoni.

Lakini mfano wa kuangaliwa sana na mkulima ni wa ukame wa mwaka wa 2015. Theluji ilikuwa haba, na wenye haki za baadaye walipewa asilimia 47 tu. Wakulima wa mfereji wa Roza walifunga mfereji wao kwa muda wa majuma kadhaa mwezi wa Mei, ili maji hayo yabaki akiba ya mwisho wa msimu. Katika wilaya ya Kittitas vijito vilikuwa vikikauka na samaki wakifa. Maji yaliyokusudiwa kuteremka mtoni yalipitishwa kwanza katika mifereji ya wakulima, yakaachiwa vijitoni, kisha yakarudi mtoni. Samaki wakapata maji, na mifereji iliyokuwa ikilaumiwa kwa kuwaua ndiyo iliyowaokoa. Kazi kama hiyo haifanywi kwa barua za mawakili. Yafanywa na watu waliokwisha kuzoeana.

MATATIZO YALIYOBAKI

Wasomaji wasidhani ya kuwa bonde la Yakima limekwisha shida. Shabaha ya mpango ni kwamba katika mwaka wa ukame wenye haki za baadaye wasipate chini ya asilimia 70, na shabaha hiyo haijafikiwa. Ukame ulitangazwa mwaka wa 2023, ukatangazwa tena 2024 na 2025. Wenye nyumba kando ya ziwa Kachess walipinga mpango wa kuvuta maji zaidi ya ziwa hilo wakati wa ukame. Vyama vingine vya kuhifadhi misitu vilikataa mabwawa mapya. Baraza haliongezi theluji. Linaloweza ni kuwafanya watu wagawane uchache bila kuvunjana.

TUJIFUNZE NINI?

Katika Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 yawaruhusu watumiaji wa maji ya kijito au sehemu ya mto kuunda chama chao cha kutunza maji na kusuluhisha magomvi. Vibali vya maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wala chama hakichukui kazi hiyo. Kama baraza la Yakima, nguvu yake yatoka katika kukubaliana.

Basi, mkulima wa skimu, kama mto wenu una chama, kipimeni kwa maswali haya. Je, aliye juu kabisa na aliye chini kabisa wote wana mjumbe? Je, wafugaji wanaonywesha ng'ombe mtoni wameitwa, au walima mboga wakaa peke yao? Je, siku za mikutano zajulikana, na maneno yaliyokubaliwa yaandikwa daftarini na kusomwa mkutano unaofuata? Je, zamu za maji za kiangazi zimepangwa wakati mto bado umejaa?

Swali hili la mwisho ndilo kubwa. Watu wa Yakima waliweza kusaidiana mwaka wa 2015 kwa kuwa walikuwa wamekaa pamoja miaka 6 kabla yake. Chama kinachoitwa siku mto umekauka huwa ni mkutano wa kulaumiana. Kiiteni sasa, maji yangali yapita.