Kabla Hujanunua Mmea wa Tangi la Samaki, Uliza Umekulia Wapi

Umeona video ya tangi la samaki lililojaa mimea, majani yanacheza taratibu majini, ukasema na mimi lazima niwe nalo. Safi. Ila swali la kwanza dukani lisiwe "bei gani?" Liwe "huu mmea umekulia wapi?"

Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi haikukulia ndani ya maji. Wakulima huiotesha kwenye vitalu vyenye unyevunyevu, mizizi imelowa lakini majani yako hewani, kwa sababu hivyo hukua haraka na haishikwi na mwani. Sasa, jani la hewani lina tabaka la nta ili lisipoteze maji, na lina stomata za kupitishia kabonidioksidi. Lizamishe, na nta hiyo inageuka kikwazo: kabonidioksidi husambaa majini polepole kama mara 10,000 kuliko hewani, halafu bado ipenye kwenye nta! Kwa hiyo mmea unayaacha majani ya zamani yaoze na kutoa mapya, membamba na laini, yanayofaa kuishi majini. Kwa wiki mbili tatu hivi tangi lako litafanana na mchicha uliosahaulika jikoni. Usiung'oe. Bonyeza shina: kama bado ni gumu na kuna chipukizi, mmea uko hai. Yatoe tu majani yanayooza, maana yanazalisha amonia, na hiyo ndiyo inaua samaki.

Kisha fikiria maji yako. Pwani visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana birika linashika ukoko mweupe. Maji magumu namna hiyo huwa na kabonidioksidi huru kidogo, ila bikaboneti ni tele. Mimea mingine haiwezi kuitumia. Valisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, inaweza. Si ajabu, kwani inaota mpaka Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9. Ningeishi Dar na kisima cha chumvichumvi kidogo, ningeanza na huo, basi.

Kama samaki wako ni walaji wa majani, yaani perege au goldfish, tafuta anubiasi. Asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, na majani yake ni magumu kama ngozi, samaki wengi hawahangaiki nayo. Inakua polepole mno, lakini haidai mwanga mwingi. Shina lake nene linafanana na tangawizi. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Ukilifukia kwenye mchanga linaoza.

Najua kuna anayewaza: kwa nini ninunue wakati bwawani majani yamejaa bure? Kwa sababu ya konokono. Wale wanaobeba kichocho huishi kwenye mimea hiyo hiyo, na vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi ukiwa umesimama majini unachuma. Halafu konokono mwenyewe, au mayai yake, unakuja naye nyumbani, na wewe ndiye unayeingiza mkono kwenye tangi kila wiki. Hapo mimi sina mjadala.

Na mmea uliozidi usiupeleke mtoni. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini, watu wakalisambaza duniani kwa uzuri wa maua yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria. Muongo uliofuata wavuvi wa Kisumu walikuwa wanashindwa hata kutoa mitumbwi ufukweni. Unachokipunguza kwenye tangi kianike juani mpaka kikauke kabisa, ndipo ukitupe na taka za nyumbani.