Yatima wa Ngome ya Yesu: Malezi yalivyomzaa muuaji

MSOMAJI mpenzi, siku utakapozuru Ngome ya Yesu pale Mombasa, usipite mlango mkubwa mbiombio. Inua macho utazame maandishi ya Kireno yaliyochongwa juu yake. Yanaeleza kwamba ngome ilitengenezwa upya mwaka 1635. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Iweje jengo la mawe la miaka 42 tu litengenezwe upya?

Jibu lake ni kisa cha mtoto mmoja. Nakuomba ukisome hadi mwisho, hasa kama nyumbani kwako unalea mtoto wa marehemu.

Mtoto huyo ni Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultani Hassan wa ukoo wa Malindi, ndiye aliyekuwa mfalme wa Mombasa chini ya Wareno. Alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 na watu waliohongwa na Wareno. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Goa, makao yao makuu kule Bara Hindi.

Yusuf alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Naye akapakiwa jahazini, akapelekwa huko huko Goa.

Hebu fikiri, msomaji. Mtoto anaondolewa kwao na kulelewa na watu wa taifa lile lile lililomuulia baba. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Agustino walimsomesha, wakambatiza na kumpa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Chakula alipata, elimu alipata. Lakini nani aliyemkalisha chini akampa pole ya msiba wake?

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kama mfalme, kijana wa miaka ishirini hivi. Kwa Waislamu wa mjini alikuwa mtu aliyeiacha dini ya wazee wake. Kwa Wareno alikuwa mfalme wa jina tu, na kapteni Pedro Leitão de Gamboa hakumstahi. Kijana akawa popo: si ndege, si mnyama.

Kumbe alikuwa akienda kaburini kwa baba yake, akisali kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni. Kijana akatambua kwamba huenda akarudishwa Goa, safari hii kuhukumiwa.

Katikati ya Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Mauaji yakaenea hadi mjini. Kumbukumbu zinataja Wareno waliouawa kuwa wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70. Waafrika Wakristo waliokataa kubadili dini nao waliuawa.

Watoto sabini! Wapo wanaomwita Yusuf shujaa aliyewapinga wakoloni, na dhuluma aliyotendewa haina ubishi. Lakini watoto wale walikuwa na hatia gani? Walikuwa kama yeye alivyokuwa mwaka 1614: wadogo, wakilipishwa ugomvi wa wakubwa.

Wareno walituma majeshi kutoka Goa, wakaizingira ngome tangu Januari hadi Machi 1632, wakashindwa. Hata hivyo, mwezi wa Mei Yusuf aliibomoa ngome na kuondoka, akawa haramia wa baharini. Aliuawa katika Bahari ya Shamu mwaka 1638, mbali na kwao.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wareno walimkunja Yusuf angali mbichi kweli kweli. Walikunja jina, mavazi na sala, wakadhani wamemaliza kazi. Uchungu wa ndani hawakuugusa, nao ukakua pamoja na mtoto.

Usinielewe vibaya. Si kila yatima aliyeonewa huwa muuaji. Wengi wamekuwa wazazi wema na raia wa kutegemewa. Msiba wa utotoni haumpi mtu ruhusa ya kumwaga damu, na Yusuf alichagua mwenyewe kuwaua wasio na hatia. Lakini anayemlea mtoto naye ana lake la kujibu.

Basi, mzazi mwenzangu, ikiwa umemchukua mtoto wa ndugu yako, usidhani sare ya shule na sahani ya wali vinatosha. Mwambie ukweli kuhusu wazazi wake kwa kadiri ya umri wake. Mpeleke kaburini akawaombee. Usimkataze kulitaja jina la baba yake, hata kama wewe na marehemu hamkuelewana. Na akinyamaza muda mrefu, usifurahi ukasema ni mtoto mtulivu. Mkalishe karibu, umuulize analowaza.

Yusuf alinyamaza miaka kumi na saba.