Mabingwa Wasio na Kimo

Katika riadha, rekodi ni za wanaofanya kitu kupita wenzao: anayekimbia zaidi, anayeruka juu zaidi, anayetupa mbali zaidi. Kwenye ulimwengu wa chembe zinazounda maada, mataji makubwa hubebwa na wasiofanya lolote. Kuna asiye na upana, kuna asiyegusana na mtu, kuna anayekataa kufa. Waamuzi wa mashindano haya hukaa miaka na miaka chini ya milima wakithibitisha kwamba jambo fulani bado halijatokea.

Taji la udogo analishika elektroni. J.J. Thomson aliitambua chembe hii mwaka 1897 pale Cambridge, alipokuwa akichunguza miale ndani ya mirija ya kioo iliyonyonywa hewa, na tangu hapo hakuna aliyefaulu kuipima upana. Atomu ina upana. Kiini chake kina upana, na hata protoni iliyomo ndani ya kiini imepimwa tena na tena. Elektroni imewekewa kikomo tu: kama ina upana wowote, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya ule wa protoni. Kwaki, zile chembe zinazoiunda protoni, nazo zimekwama kwenye kikomo cha namna hiyohiyo, kwa hiyo mwamuzi mwadilifu angegawanya medali. Mimi naipa elektroni yote, kwa sababu ina sifa ya pili: haionyeshi dalili ya kufa. Watafiti wa mtambo wa Borexino, chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, walitafuta elektroni inayokufa wasiione, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba umri wake wa wastani haupungui miaka 66 ikifuatwa na sifuri 27. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8.

Kwa wepesi, hakuna anayeikaribia chembe iitwayo nyutrino. (Fotoni, chembe ya mwanga, haina uzito kabisa, lakini fotoni si maada, hivyo tumeiondoa kabla ya kipenga.) Mtambo wa KATRIN huko Karlsruhe, Ujerumani, ulitangaza mwaka 2025 kwamba nyutrino haiwezi kuzidi elektronivolti 0.45, yaani ni nyepesi kuliko elektroni kwa zaidi ya mara milioni moja. Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni mzani wenyewe. Tangi lake kuu lina tani 200, urefu wa mita 23 na kipenyo cha mita 10. Lilitengenezwa Deggendorf, kama kilomita 400 tu kutoka Karlsruhe, lakini barabara hazikuweza kulipitisha. Mwaka 2006 likapakiwa kwenye chombo, likateremka mto Danube hadi Bahari Nyeusi, likavuka Mediterania, likazunguka Ulaya kupitia Atlantiki na kupanda mto Rhine: safari ya karibu kilomita 9,000. Kilomita chache za mwisho lilipita katikati ya kijiji, likikaribia kugusa kuta za nyumba za watu. Yote hayo kwa ajili ya kupima kitu chepesi kuliko vyote.

Nyutrino hiyohiyo ndiyo bingwa wa kujitenga. Kila sekunde, nyutrino bilioni 60 na zaidi kutoka kwenye jua hupenya kila sentimita mraba ya mwili wako, mchana na usiku. Usiku huja kwa kupitia chini, zikiwa zimeshaivuka dunia nzima. Mwanafizikia Wolfgang Pauli alipoipendekeza chembe hii mwezi Desemba 1930, alifanya hivyo kwa barua kwa wenzake waliokusanyika Tübingen, akiomba radhi kwamba yeye hatafika kwa kuwa ana dansi ya kuhudhuria Zürich. Ilichukua miaka 26 hadi Frederick Reines na Clyde Cowan wakainasa, mwaka 1956, kando ya kinu cha nyuklia cha Savannah River, Marekani.

Nyutrino hizo zilitoka kinuni. Za kwanza za asili, zinazozaliwa miale ya anga za mbali inapogonga hewa ya dunia, zilinaswa mwaka 1965, na bara letu lina sehemu yake katika hilo: Reines na Friedel Sellschop waliweka vifaa vyao zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg. Mwaka huohuo kundi jingine lilizinasa katika mgodi wa Kolar, India. Wachimba dhahabu ndio waliokuwa na mashimo marefu kuliko wanasayansi wote. Nyutrino yenye nguvu kupita zote zilizowahi kuonekana ilipita Februari 13, 2023, kwenye mtambo wa KM3NeT, mita 3,450 chini ya bahari karibu na Sicily, mtambo ukiwa bado unajengwa.

Uzito mkubwa na maisha mafupi vimekutana kwa mmoja: kwaki ya juu, iliyogunduliwa mwaka 1995 katika maabara ya Fermilab, Marekani. Chembe hii moja, isiyo na vipande ndani yake, ina uzito wa karibu atomu nzima ya tungsteni, ile metali ya nyuzi za balbu za zamani. Kuhusu umri wake, gawanya sekunde moja mara trilioni, chukua kipande kimoja ukigawe mara trilioni tena, kisha kikate nusu. Haipati hata muda wa kuungana na kwaki nyingine.

Nje ya mashindano ya maada, aliyesubiriwa kuliko wengine ni chembe ya Higgs: ilitabiriwa 1964, ikapatikana katika maabara ya CERN mwaka 2012.

Kwa nishati, hadithi inahamia jangwa la Utah, Marekani. Oktoba 15, 1991, vifaa vya kutazama anga usiku viliona mmweko wa chembe moja iliyoingia na nishati ya jouli 50 hivi, sawa na mfuko wa unga wa kilo tano ulioanguka kutoka kimo cha mita moja. Ni nishati ndogo kwa mfuko wa unga. Kwa kitu kidogo kama kiini cha atomu ni wendawazimu, zaidi ya mara milioni 40 ya ile inayopewa protoni moja katika mtambo wa CERN wenye mzingo wa kilomita 27. Ilikotoka hakujulikani mpaka leo.

Protoni nimeiweka mwisho kwa sababu ina mataji mawili. La kwanza ni la udanganyifu: kwaki tatu zilizomo ndani yake zikijumlishwa uzito hazifiki hata asilimia mbili ya uzito wake. Unaobaki ni nishati ya kwaki hizo na ya gluoni zinazozifunga pamoja. Mtu wa kilo 60, basi, ana kwaki zisizotimiza hata kilo moja.

La pili ni uvumilivu. Nadharia kadhaa zinadai kwamba protoni lazima ife siku moja. Japani, ndani ya mgodi wa Kamioka, waliweka tangi la maji ili waone kifo hicho, wakaambulia nyutrino za nyota iliyolipuka mwaka 1987. Wakajenga jingine la tani 50,000, Super-Kamiokande. Mwaka 1998 likathibitisha kwamba nyutrino hubadilika aina, ushahidi kwamba zina uzito, na Takaaki Kajita akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Protoni iliyokufa haijaonekana, na kwa njia moja ya kufa iliyotafutwa zaidi, umri wake sasa unahesabiwa kuzidi miaka 24 ikifuatwa na sifuri 33. Wajapani wanajenga tangi la tatu, Hyper-Kamiokande, la tani 260,000 hivi.