Namna ya Kujaribu Dibaga Juu ya Programu Isiyo na Majina



Tangu matokeo ya semesta ya kwanza yasahihishwe, wengi wametuuliza: mlijuaje kosa la ile programu ya pointi, na hamkuwa na maandishi yake? Wengine wanasema tulibahatisha. Tunajibu hapa, sababu ubao wa matangazo hautoshi, na sababu jambo hili si la wenye kupenda mashini peke yao. Kulikuwa na watu karibu warudilie mwaka.

Kwanza tuelewane. Mtu akiandika programu, anaandika kwa maneno ambayo mtu mwenzake anaweza kusoma. Anasema: hesabu hii jina lake ni jumla, ile ni asilimia, na kazi hii inaitwa soma_pointi. Kisha kuna programu ingine, kompaila, inayogeuza maandishi hayo yote kuwa namba. Mashini haijui jumla wala asilimia. Inajua namba tu, na pahali pa kuzitafuta, ndiyo adresi.

Lakini kompaila ikiombwa, inaandika daftari na kuliweka ndani ya faili pamoja na programu: kuanzia adresi hii ni mstari wa 14, hapa ndipo kazi ya soma_pointi inapoanza, hapa ndipo jumla inapokaa. Programu haihitaji daftari hilo kwa kutembea. Daftari ni la mtu atakayekuja kutafuta kosa. Basi wengi hawaliombi, ao wanalifuta kisha. Amri ya kulifuta inaitwa strip, na ilikuwako tayari katika Unix ya kwanza ya mwaka 1971, wakati nafasi ya kuwekea vitu ndani ya mashini ilikuwa ndogo sana. Leo nafasi iko nyingi na watu wanafuta bado. Wengine wanataka faili nyepesi, wengine hawapendi mtu achungulie kazi yao.

Dibaga nayo ni programu inayosimamisha programu ingine katikati ya kazi na kuiuliza maulizo: umefika wapi? Nani alikutuma hapa? Mkononi una nini? (Kwa Kiingereza kosa la mashini linaitwa mdudu. Tarehe 9/9/1947 mafundi wa Harvard, Marekani, walikuta nondo amekwama ndani ya mashini yao Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi. Lakini jina lilikuwa la zamani kuliko nondo yule, msidanganyike.) Dibaga tuliyotumia ni GDB. Richard Stallman aliiandika mwaka 1986, na kila mtu ana ruhusa ya kuinakili bure. Yetu ilifika Baraka kwenye flashi, haikutugharimu franga hata moja.

Usiku mwezi usipokuwako, ukisimama kando ya ziwa hapa kwetu unaona mataa ya wavuvi mbali sana. Unaona taa iko wapi, unaweza kuhesabu ziko ngapi, unaweza hata kusema hii inakwenda na ile imesimama. Lakini mtumbwi ni wa nani, hujui. Dibaga mbele ya programu iliyofutwa daftari iko vilevile. Inatoa adresi, na pahali pa jina inaandika alama mbili za kuuliza: ??.

Sasa tufike kwenye ulizo lenyewe. Kama dibaga inakupa namba tupu, utajuaje kama inasema kweli? Ukiwa na majina unaweza kujisahihishia mwenyewe: ikisema iko ndani ya soma_pointi, unafungua maandishi, unaona. Bila majina unabaki kuamini. Na sisi tulikuwa tunakwenda kumwambia Bwana Prefe kwamba mashini inapunguza pointi za watu. Neno kama hilo huendi nalo bila kuwa na hakika.

Dawa ni kujaribu dibaga kwanza juu ya programu ambayo majibu yake unayo. Tuliandika programu ndogo ya mistari karibu 30. Inasoma namba, inaita kazi ya kukusanya, ile ya kukusanya inaita kazi ya kugawa, na tuliifanya kwa kusudi igawe kwa sifuri, ili ife pahali tunapopajua.

Hapa wengi wanafanya hivi: wanakompaila mara moja kwa daftari, na mara ya pili bila daftari, tena mara hiyo ya pili wanaomba kompaila ifupishe kazi iende mbio. Kisha wanalinganisha. Hapana! Kompaila ikiombwa kufupisha inaandika namba zingine kabisa. Ukiona tofauti hutajua imeletwa na daftari lililokosekana ao na kule kufupisha. Njia nzuri ni kukompaila mara moja tu, pamoja na daftari, kisha kunakili faili, kisha kufuta daftari kwenye nakala. Namba za kazi katika faili zote mbili zinabaki zilezile, herufi kwa herufi. Tena GDB kwenye Linux inazuia ile desturi ya mashini ya kubadilisha adresi kila mara programu inapoanza, kwa hiyo hata adresi zinalingana. Kila ulizo unalouliza nakala, jibu lake la kweli unalo kwenye faili ya kwanza.

Tukauliza: umefia wapi? Faili yenye daftari ikajibu jina la kazi ya kugawa, mstari, na hesabu mbili, ya pili ikiwa sifuri. Nakala ikajibu adresi na ??. Adresi zilikuwa moja. Vizuri.

Tukauliza: nani alikutuma? Hapa kulikuwa mambo. Faili ya kwanza ilitaja ngazi tatu: kugawa, kukusanya, na main, ambayo ndiyo mwanzo wa programu. Nakala ilitaja tatu hizohizo kwa adresi tu, kisha ikaendelea kushuka ngazi zingine chini yake. Wenzetu wawili walipiga kelele kwamba dibaga inadanganya. Kumbe hapana. Chini ya main kuna kazi za mfumo wenyewe zinazoiwasha programu. Dibaga ikijua jina main inasimama pale, sababu kwa kawaida mtu hahitaji zaidi. Ikikosa jina hilo haijui pa kusimama, inasema yote. Kukosa majina kulileta maneno mengi kuliko kuwa nayo.

Tukarudia yote na programu iliyofupishwa, na safari hii faili ya kwanza ilitaja ngazi tatu, nakala ikakosa moja. Kompaila ilikuwa imeimeza kazi ndogo ya kugawa ndani ya ile ya kukusanya. Katika namba zenyewe kazi hiyo haiko tena. Ni daftari tu linalokumbuka kwamba ilikuwako. Basi nakala haikukosea. Lakini mtu akisoma nakala peke yake atasema programu hii ina kazi mbili, na mwandishi wake alijua alizifanya tatu. Kama tungekompaila mara mbili, tungebishana juu ya jambo hilo mpaka kengele ya chakula.

Ulizo la tatu sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, ijapokuwa linaonekana dogo: dibaga inafanya nini na jambo isilolijua? Tuliiambia nakala ituonyeshe jumla. Ikajibu kwamba haina orodha ya majina. Tukaiambia iende mstari mmoja mbele. Ikakataa, ikasema haioni mipaka ya kazi iliyomo. Ilikubali tu kwenda amri moja moja ya mashini. Dibaga inayobuni jina ili kukufurahisha ni mbaya kuliko isiyo na jina lolote. Kwa hiyo kila jaribio letu lilikuwa na maulizo ambayo jibu lake sawa ni "sijui", na tulihesabu majibu hayo kuwa pointi nzuri.

Tuonye pia juu ya kituo. Ukiiambia dibaga isimamishe programu pahali fulani, inaondoa namba moja pale na kuweka 204 pahali pake. Prosesa za kompyuta nyingi zikikutana na 204 zinasimama na kuita dibaga, nayo inarudisha namba ya kwanza kama ilivyokuwa. Ni ujanja mzuri. Lakini katika prosesa hizo amri moja inaweza kuwa na namba 1 mpaka 15, na bila daftari dibaga haijui kila amri inaanzia wapi. Ukikosea adresi kwa namba moja tu, ile 204 inaingia katikati ya amri na kuigeuza. Programu itafanya jambo lisilo lake, nawe utaandika kwamba umeona kosa. Hesabu siku zote kutoka pahali unapopajua kweli.

Na pahali kama hapo papo. Strip haifuti majina yote. Programu nyingi zinaazima kazi kutoka maktaba ya mfumo, na majina ya kazi za kuazima lazima yabaki, sivyo zisingepatikana wakati wa kutembea. Ndiyo mlango tulioingilia.

Sasa programu yetu ya pointi. Aliyeiandika alikwisha kuhama, akaacha faili iliyokompailiwa tu, bila daftari. Kila kosi iko juu ya 20, na kwa mwanafunzi wa kosi 10 jumla ni juu ya 200. Programu haionyeshi pointi moja moja, inatoa jumla na asilimia tu. Mwanafunzi mmoja alijumlisha kwa biki akapata 108, ndiyo 54 kwa mia. Mashini ilimpa 91, ndiyo 45 na nusu. Zilipungua 17. Watu wakaanza kusema mwalimu fulani hampendi, na maneno ya namna hiyo yanakwenda mbio kuliko moto wa kiangazi. Tukaangalia pointi zake: alikuwa na 8 moja na 9 moja. Nane na tisa ni kumi na saba.

Tukafungua programu katika dibaga, tukaona kati ya majina yaliyobaki kuna strtol. Ni kazi ya maktaba inayogeuza maandishi kuwa namba. Tukaweka kituo pale, sababu jina lake tulilijua na hatukuhitaji kuhesabu adresi yoyote. Kazi hiyo inapewa vitu vitatu, na kwenye Linux ya mashini yetu vinapita ndani ya visanduku vitatu vya prosesa: rdi, rsi na rdx. Katika rdi kulikuwa adresi ya maandishi, tukayasoma: "08". Katika rdx kulikuwa 0. Tukaiacha kazi imalize, tukaangalia kisanduku cha jibu: 0.

Cha tatu kile ndicho kinachosema hesabu ni ya msingi gani. Ukiweka 10, inasoma kama sisi tunavyosoma. Ukiweka 0, unaiambia ichague yenyewe, na sheria yake ni kwamba namba inayoanza na sifuri ni ya msingi wa nane. Wa hesabu wanajua: msingi wa nane una tarakimu 0 mpaka 7 tu. "07" ni saba katika misingi yote miwili. "08" haiko. Inasoma sifuri, inakuta nane isiyoijua, inasimama na sifuri yake. Kwa hiyo aliyepata 7 alihesabiwa 7, na aliyepata 9 alihesabiwa 0! Kumi na kuendelea hazikuguswa, sababu hazianzi na sifuri. Na miaka iliyopita kosa halikuonekana kwa kuwa pointi ziliingizwa "8" na "9". Mwaka huu karatasi mpya za pointi zina vyumba viwili, basi watu wakajaza vyumba vyote viwili.

Kabla ya kwenda ofisini tuliongeza strtol ile katika programu yetu ndogo, tukaipa "07", "08", "09" na "10", na kuiuliza kwenye faili yenye daftari na kwenye nakala. Majibu yalikuwa 7, 0, 0, 10 pande zote mbili. Ndipo tukapiga hodi.

Bwana Prefe hakusoma habari za rdx. Alichukua biki, akajumlisha buletini tatu mwenyewe, akaita walimu. Pointi zote za semesta zikaingizwa upya bila sifuri ya mbele, na kila mwenye 8 ao 9 akapewa jumla yake.

Wengine wanauliza kwa nini hatukutengeneza programu yenyewe. Kubadili namba ndani ya faili iliyokompailiwa kunawezekana, lakini ingetubidi kuijaribu upya yote, na hatuna maandishi ya kuilinganisha nayo. Kosa lingali ndani. Pembeni ya mashini kuna karatasi imebandikwa: ANDIKA 8, USIANDIKE 08. Tunaomba msiibandue.