Huzuni ya Mwenye Kisukari: Mwendo na Mazungumzo ni Tiba

Wengi wenu mna jamaa waliohamia miji ya Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki. Huko, uingiapo mwezi wa Julai, baridi na ukungu huwafungia watu ndani. Mama mwenye kisukari hushinda kando ya jiko la makaa, hataki kula, hataki kusema, na dawa zake hazigusi. Wa nyumbani husema, "Mwacheni, anawaza sana." Wengine humlaumu kuwa imani yake imepungua.

Kauli zote mbili tunazikataa. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe hata akapofuka macho, na hakuna athubutuye kuitilia shaka imani yake. Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa akimwomba Mola amkinge na majonzi na huzuni. Basi huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, ikaondoa usingizi na raha ya mambo aliyoyapenda mtu, hayo ni maradhi, nayo huitwa sonona au unyogovu.

Mwenye kisukari hupatwa na sonona takriban mara mbili kuliko asiye nacho. Maradhi haya mawili hulishana: mwenye huzuni huacha dawa na mwendo, sukari hupanda, sukari ikipanda, mwili huchoka na moyo huzidi kuzama. Mwisho wake waweza kuwa kidonda cha mguu kisichopona, au macho kupoteza nuru.

Tiba ipo. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2019 uliwagawa watu wazima 140 wenye kisukari na sonona: wengine walifanya mazoezi kwa wiki 12, wengine walipata vikao 10 vya tiba ya mazungumzo, wengine yote mawili. Makundi yote matatu yalipata nafuu ya sonona kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida.

Wala tusidhani mazungumzo hayo ni ya mabingwa peke yao. Jijini Nairobi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, wahudumu wa afya wa mitaani waliofunzwa walikaa na wanawake waliopata kudhulumiwa, vikao vitano tu, na dhiki ya nyoyo zao ikapungua. Hao hawakuteuliwa kwa ajili ya kisukari, lakini somo linatufaa.

Enyi jamaa, mtoeni mama baada ya Alasiri, jua lingalipo. Binti au jirani afuatane naye, na buibui lake halimzuii. Dakika 30, siku tano kwa wiki, zatosha. Milima ya Nyeri ni mikali, basi aanze kwenye tambarare. Avae viatu vilivyofunika vidole, akague nyayo kila jioni, na atumiaye insulini achukue kitu kitamu mfukoni.

Aendapo kliniki ya sukari, katika hospitali ya rufaa ya Nyeri au ya Nanyuki, amweleze daktari habari ya moyo wake kama anavyoeleza ya miguu. Akitamka kwamba hataki tena kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Dua tusiiache, wala tusiifanye kisingizio cha kuacha dawa. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wa pwani na wa bara. Amin.