Jengo la Serikali Haliwekewi Lieni

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nimepaka rangi jengo la mahakama ya shirikisho, mkandarasi hanilipi, lieni naiweka wapi?" Huiweki popote, ndugu yangu. Nimewajibu mafundi rangi, mafundi umeme na mafundi vigae mpaka ulimi umeota sugu.

Aliyeshika kazi ya ujenzi Marekani anaijua lieni, yaani dai la deni juu ya jengo lenyewe: unaisajili kaunti, na mwenye nyumba akitaka kuuza au kuweka rehani anakukuta mlangoni. Kwa jumba la mtu binafsi ni silaha kali. Kwa mali ya serikali ya shirikisho ni karatasi ya kufungia vitumbua. Nguvu ya lieni yote iko kwenye mnada: mwenye jengo asipolipa, jengo linauzwa. Sasa nani ataipiga mnada kambi ya jeshi kwa ajili ya ndoo zako za rangi? Mali ya serikali hiyo haikamatwi ila Bunge lake limeruhusu, na hapa halikuruhusu. "Lakini karani wa kaunti ameipokea, kagonga na muhuri!" Karani anapokea karatasi na ada. Hakimu si yeye.

Wajanja wa kijiweni husema basi, zuia fedha zilizobaki mikononi mwa serikali. Hilo nalo lilishajaribiwa. Kampuni ya Blue Fox ilijenga jengo la kuwekea mfumo wa simu kwenye bohari ya jeshi huko Oregon, mkandarasi aliyewapa kazi akawaacha wakimdai zaidi ya dola 46,000, na jeshi halikuwa limemdai dhamana ya malipo. Blue Fox wakadai lieni juu ya fedha za jeshi. Mwaka 1999 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakasema hapana. Anayekuuzia fomu ya lieni "maalumu ya serikali" anakula hela yako, na kibaya zaidi anakula siku zako.

Maana njia ipo tangu 1935: Sheria ya Miller. Mkataba mkubwa wa ujenzi wa serikali (sheria inataja unaozidi dola 100,000, kanuni za manunuzi zimepandisha kiwango) humlazimu mkandarasi mkuu kuweka dhamana ya malipo. Unachodai ni hiyo dhamana. Haraka basi: omba nakala yake kwa idara yenye mradi, pamoja na kiapo kwamba ulifanya kazi na hujalipwa. Ukiwa na mkataba na mkandarasi mkuu mwenyewe, huhitaji notisi. Kama aliyekupa kazi ni mkandarasi mdogo, mpelekee mkuu notisi ya maandishi ndani ya siku 90 tangu siku yako ya mwisho ya kazi, ukitaja kiasi na uliyemfanyia, kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa, usitegemee WhatsApp. Uko ngazi ya chini zaidi? Dhamana haikuhusu, mbane aliyekuajiri. Kesi hufunguliwa mahakama ya wilaya ya shirikisho, siku 90 zikishapita na kabla ya mwaka kwisha, zote zikihesabiwa tangu siku hiyo ya mwisho. Kurudi kuziba kasoro, mbele ya mahakama nyingi, hakukuongezei siku. Na kama ulisainishwa kuachia haki hii kabla hujagusa brashi, saini hiyo ni batili.

Ukinipigia tena, usianze na lieni. Anza na tarehe ya siku yako ya mwisho kazini.