Mwavuli wa tatu

 

Ndugu Waislamu, katika sebule ya nyumba moja mjini Mtwara tumeiona picha iliyotiwa fremu ya mbao, ikionyesha chombo cha anga za juu kikiteremka baharini huku kikining'inia chini ya miavuli yake. Mwenye nyumba alituuliza kwanza iwapo inafaa kutundikwa ukutani. Tulimjibu kwamba khitilafu ya wanazuoni imekuwa zaidi juu ya sura za viumbe wenye roho, na humo hamuonekani mtu, bali mbingu, maji na chombo. Suala zito zaidi lilitoka kwa mtoto wa nyumba ile: mbona miavuli ni mitatu na mmoja umenywea?

Chombo hicho ni Apollo 15, nacho kilitua katika Bahari ya Pasifiki tarehe 7 Agosti 1971. Ndani yake walikuwamo Wamarekani watatu, David Scott, Alfred Worden na James Irwin, wakirejea kutoka safari ya mwezini. Chombo cha namna hiyo huingia katika hewa ya dunia kwa kasi ya takriban kilomita 40,000 kwa saa. Hewa yenyewe hukipunguza mwendo kwa msuguano mkali wenye moto, kisha miavuli midogo hufunguka, na mwishoni mikubwa mitatu. Siku ile yote mitatu ilifunguka vizuri, kisha mmoja ukanywea chombo kikiwa bado hewani. Wachunguzi walielekea kuamini kwamba mafuta yaliyokuwa yakimwagwa kutoka katika injini ndogo ndiyo yaliyoziharibu kamba zake. Chombo kiligonga maji kwa kishindo kuliko kawaida, na watu watatu wakatoka wazima, kwani mafundi walikuwa wamekadiria tangu mwanzo kwamba miwili ingetosha. Wa tatu ulikuwa akiba.

Tungependa familia za pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, zilitazame jambo hilo kwa makini. Mara ngapi tumesikia baharini ikisemwa kwamba ajali haina kinga, na aliyeandikiwa ameandikiwa? Kauli hiyo husemwa na mtu anayeingia katika mashua bila jaketi okozi hata moja, kisha huiita tawakkul. Qadar ni nguzo ya imani yetu na hatuipingi. Lakini Mtume (s.a.w.), alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, alimwelekeza amfunge kwanza. Mwenye kuacha kumfunga hana hoja ya kumsingizia Mola wake.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi ilichoruhusiwa. Walikufa wazee, akina mama na watoto wachanga. Allah awarehemu. Hapo hapakuwa na mwavuli wa tatu, na hata ule wa pili ulikuwa umeuzwa kwa nauli.

Wala habari za wanaanga si ngeni kwa pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na kituo Tunguu, Unguja, kimoja katika mnyororo wa vituo vilivyotandazwa duniani ili msafiri wa anga asipotee masikioni mwa wenzake. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwamo katika mnyororo huo. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Miezi mitatu baada ya Glenn, tarehe 24 Mei 1962, Scott Carpenter alipitiliza mahali alipotarajiwa kwa takriban kilomita 400, akatua Atlantiki pasipo na meli. Alitoka katika chombo, akapanda boya lake la mpira, akakaa humo kiasi cha saa tatu hadi helikopta ilipomchukua. Ndege zilikuwa zimekwisha kumwona kabla ya hapo, kwa kuwa chombo chake kilikuwa kikitoa ishara ya redio, na waliomtafuta walijua aliruka lini na alipaswa kufika wapi.

Sasa tuulize: mvuvi wa Msimbati akichelewa kurudi wakati kusi imechacha, nani ajuaye alielekea wapi? Mara nyingi mkewe anajua kwamba ametoka alfajiri, basi. Simu iko mfukoni mwake na imelowa. Kimbunga Kenneth kilipotua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, tahadhari ilitangulia, na mwenye kuisikia aliweza kuivuta ngalawa yake nchi kavu. Lakini upepo wa kila siku hautangaziwi jina.

Kwa hiyo tunawaomba akina baba, kabla ya kushuka pwani, waache nyumbani maneno manne: chombo gani, watu wangapi, mwamba gani, na kurejea saa ngapi. Simu ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji. Majaketi yahesabiwe kwa idadi ya vichwa, na mtoto anayechukuliwa kujifunza uvuvi ahesabiwe kichwa kamili. Na saa iliyotajwa ikipita, mama asione haya kumwendea mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama, kwani mwanga ukishaondoka hata mwenye mashua ya injini hana pa kuanzia.